Sakafu Isiyochukuliwa

Siku ya nne baada ya ukuta kuvunjwa nilimuuliza Eskild swali lilelile, naye akanipa jibu lilelile.

"Chochote upendacho, Solvej."

Alikuwa amechutama juu ya saruji tupu, anakula mkate mweusi na heringi za siki, sahani yake kaiweka juu ya ndoo ya rangi. Nyuma yake lilikuwa jiko, mbele yake chumba cha kulia, na kati yao, pale ulipokuwa ukuta, ulibaki ufa wa vumbi wenye upana wa viganja viwili. Vigae vya zamani vya jikoni tulikuwa tumeving'oa. Mbao za chumba cha kulia nazo tuliziondoa, maana zilikuwa zimeoza pembeni. Makabati yalikuwa gereji, meza ilikuwa chumbani kwetu imesimamishwa wima kama mgeni asiyeambiwa pa kukaa, na kila kitu kilikuwa kinangoja sakafu.

"Fundi Preben anataka jibu Ijumaa," nikasema. "Akilipata, Jumatatu anaanza. Asipolipata anakwenda kwa mteja mwingine, na tutamwona tena mwezi wa sita."

"Najua."

"Basi niambie. Mbao au vigae? Tuweke kitu kimoja chumba kizima, au jikoni hivi na mezani vile? Mwaloni ni mzuri, lakini maji yakimwagika jikoni utavimba. Vigae haviumizwi na maji, lakini glasi ikianguka haiponi. Wewe unaona nini?"

Akafuta vidole, akaniangalia kwa yale macho yake ya kijivu ambayo hata leo yakinitazama nasahau nilichokuwa nasema.

"Naona wewe utachagua vizuri," akasema, akainuka, akanibusu utosini na kwenda kuosha sahani kwenye sinki la bafuni.

Nikabaki nimesimama juu ya ule ufa, sijui nifurahi au nilie.

Kazi yangu ni kusafisha meno ya watu kwenye kliniki moja hapa mjini Svendborg. Hivyo ndivyo nilivyompata Eskild: alilala kwenye kiti changu, mdomo wazi, hawezi kusema neno. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mimi thelathini na tisa. Nikamsimulia habari za kwaya yangu, yeye akanisikiliza kwa macho, na alipoinuka akaniuliza kama wimbo ule wa pili tuliupata hatimaye. Hakuna mgonjwa aliyewahi kukumbuka nilichomwambia. Moyo wangu ukamwangukia palepale, chini ya ile taa kali. Labda ningejiuliza mapema ni mwanamume wa namna gani huyu, niliyempenda wakati hana nafasi ya kunipinga.

Maana kwa miaka miwili hakunipinga hata mara moja. Nilipohamia kwake mwezi wa kumi nikataka chumba cha kulala kipakwe rangi ya kijani, kikapakwa. Nikitaka Norway likizo, ilikuwa Norway. Marafiki zangu walisema nimeokota lulu. Mimi nililala kando ya lulu hiyo nikijiuliza: mtu asiyejali rangi wala chakula wala safari, ananijali mimi kweli, au na mimi ni chochote tu?

Jambo moja peke yake ndilo alilolianzisha mwenyewe, nalo ni ule ukuta. Jioni moja ya mwezi wa kwanza alileta karatasi yenye mchoro wa penseli, akaitandaza mbele yangu.

"Tukiutoa huu," akasema, "mtu anayepika na mtu anayesubiri kula watakuwa chumba kimoja. Wataongea."

Nilimkumbatia mpaka akakohoa. Nilidhani mchoro ule ameuchora kwa ajili yangu.

*

Jumanne kabla ya zamu yake tukaenda duka la sakafu, lile la mtaa wa chini karibu na bandari. Mwenye duka ni mzee Frode, mtu wa miwani paji la usoni na penseli sikioni. Aliponiona akanipa mkono. Alipomwona Eskild akausimamisha mkono hewani kidogo, kama mtu aliyekutana na jirani aliyehama siku nyingi.

"Eskild," akasema kwa upole. "Nilidhani hutakanyaga tena dukani kwangu."

"Tumekuja kuangalia mbao," Eskild akajibu haraka.

Frode akatuongoza kwenye sampuli zilizotandazwa chini. Kulikuwa na mwaloni mweupe uliopakwa sabuni, mwaloni wa mafuta, mbao za msonobari pana kama mlango, vigae vya mawe, vigae vya udongo mwekundu, mikeka ya linoleamu ya rangi arobaini. Nikavua kiatu, nikaweka unyayo wangu wenye soksi juu ya kila kimoja. Eskild alisimama mlangoni mikono mfukoni, anaangalia mvua.

"Huu," nikasema, nikikanyaga mwaloni mweupe. "Eskild, njoo uukanyage."

"Mzuri."

"Hujaukanyaga."

Akaja, akaukanyaga na viatu vyake vya kazini. "Mzuri," akarudia.

"Na hiki kigae?"

"Nacho kizuri."

"Kipi kizuri zaidi?"

"Kile upendacho."

Frode akakohoa. Nadhani alitaka kunisaidia, maskini ya Mungu. Akashusha miwani, akafungua droo, akatoa faili la kijani.

"Vipimo msisumbuke kunipa," akasema. "Ninavyo. Jiko na chumba cha kulia pamoja, ukuta unatolewa, mita za mraba ishirini na nane. Mabomba ya joto chini. Sikuvitupa."

Nikacheka. "Umevipata wapi? Preben amekupigia?"

"Hapana, hivi ni vya miaka mitano iliyopita. Vigae vya kijivu, si ndivyo, Eskild? Viliagizwa, vikafika hapa, havikuchukuliwa. Halafu Merete akafariki, na mimi sikuona ni neno la kumpigia mtu simu."

Merete ni marehemu mke wake Eskild. Picha yake iko ngazini kwetu, mwanamke mwenye nywele fupi na kicheko cha upande mmoja, nami nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Sasa nilihisi kama ameshuka ngazi na kuja kusimama kati yetu juu ya zile sampuli.

"Mchoro ule," nikamwambia Eskild, "ni wa miaka mitano?"

Uso wake ulikuwa umepauka. "Solvej, twende nyumbani."

"Nimekuuliza swali."

"Ndiyo. Ni wa zamani."

Nikavaa kiatu changu. Kamba ilinishinda kufunga, nikaiacha ikiburuta.

Tulikuwa garini, juu ya kilima. Mvua ilikuwa inapiga kioo.

"Najenga jiko la Merete," nikasema. "Ndivyo ilivyo? Nimepewa nichague sakafu ya jiko la mwanamke mwingine."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Akafungua mdomo. Nilimtazama kama ninavyomtazama mgonjwa anayetaka kusema kitu na vyombo vyangu viko mdomoni mwake, ila safari hii mikono yangu ilikuwa mapajani.

"Sijui niseme vipi," akasema mwisho.

"Sema hovyo hovyo. Nitapanga mwenyewe."

"Siwezi."

Alipotoka kwenda zamu ya alasiri nilipakia nguo kwenye mkoba wa kwaya, nikapanda basi kuvuka daraja hadi Rudkøbing, kisiwani, kwenye chumba changu cha zamani ambacho sikuwa nimekirudisha kwa mwenye nyumba. Sikuandika barua. Ningeandika nini? Sikujua kama namwacha, kama namngoja, au kama nimekwenda tu mahali penye sakafu.

*

Alhamisi saa tano asubuhi kengele ikalia. Nilikuwa na siku ya mapumziko, nywele hazijachanwa. Nikafungua mlango nikamkuta Bi Ellinor, mama yake Merete, miaka sabini na minne, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi bakuli lililofunikwa kitambaa.

Ningetarajia askari kabla ya kumtarajia yeye. Kila Alhamisi tangu binti yake afariki Bi Ellinor hula chakula cha mchana kwa Eskild, na tangu nihamie alikula pia pamoja nami, kwa adabu, bila kuniita jina. Tulipomwambia ukuta unavunjwa aliweka uma chini akasema, "Ukuta ule una kazi yake," na hakumalizia sahani.

"Karibu," nikasema.

"Nimekuja kwa mabasi mawili," akajibu, "kwa hiyo hiyo karibu naipokea, na kahawa pia natumaini unayo."

Akakaa kwenye kiti changu pekee. Mimi nikakaa kitandani. Kwenye bakuli mlikuwa na kababu za mviringo, zile anazokaanga yeye, na kabichi nyekundu.

"Nimemkuta anakula amesimama bafuni," akasema. "Mtu mzima. Nikamuuliza yuko wapi yule, akasema hajui. Nikamuuliza umemfanya nini, akasema hajui. Nikaona huyu ataendelea kutojua mpaka azeeke."

"Bi Ellinor, kama umekuja kuniambia ukuta usivunjwe, umekwisha kuvunjwa."

"Naona vizuri, sijapofuka." Akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Frode amenisimulia ya dukani. Mji wetu ni mdogo. Unadhani lile jiko alilitaka Merete."

"Faili lipo. Vipimo vipo."

"Vipimo vipo, ndiyo. Merete wangu alikuwa hapendi kabisa mtu amwone akipika. Tangu msichana. Alifunga mlango, akawasha redio, akatukana masufuria. Angekaa jiko la wazi siku moja tu, ya pili angenunua pazia."

Nikaweka kikombe chini. "Basi nani aliyeagiza vile vigae?"

"Yeye Eskild. Bila kumuuliza mwenzake. Alitaka kumfurahisha siku yake ya kuzaliwa, akamwekea risiti chini ya sahani." Akasogeza bakuli kwangu. "Haikuwa siku ya kuzaliwa nzuri. Merete alikwenda dukani kwa miguu yake akamwambia Frode hatavichukua."

"Halafu?"

"Halafu ni ya kwake yeye kukusimulia. Mimi nilimzaa Merete, sikulala kati yao."

Tukala. Kababu zilikuwa bado vuguvugu. Nilikuwa na maswali kumi na yote yalikuwa yamegongana mlangoni, hakuna lililotoka. Kumbe jiko halikuwa la Merete. Basi lilikuwa la nani? Mwanamume asiyejali kitu alikuwa amelitaka jiko moja mara mbili, kwa wanawake wawili, na bado hawezi kuniambia kama anataka mbao au vigae.

"Kama Merete naye hakuutaka ule mpango," nikamuuliza, "wewe uliupinga kwa nini?"

Bi Ellinor akaangalia dirisha. Kwa mara ya kwanza niliona ana macho kama ya picha ya ngazini.

"Kiti changu kiliegemea ukuta ule," akasema. "Miaka ishirini. Nikikaa pale nilikuwa namsikia upande wa pili, anatukana masufuria. Hata alipoondoka, nilikuwa naegemea namsikia. Ni upuuzi wa kizee. Sikutaka kuusema mbele ya heringi."

Nikainuka, nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Ungeniambia."

"Hukuniuliza, Solvej," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina langu. "Nyumba ile ina watu wengi wasiosema. Wewe uliingia ukiwa na mdomo, nikasema afadhali. Sasa na wewe unabeba mkoba unakimbilia kisiwani. Kesho anasafiri saa tatu. Nenda kwenye kivuko."

*

Eskild ni fundi mkuu wa mitambo kwenye kivuko cha kwenda kisiwa cha Ærø. Ijumaa asubuhi nilinunua tiketi ya kwenda na kurudi kama abiria wa miguu, nikamwomba mama wa kahawa amwambie fundi wa chini kwamba kuna mtu juu. Bahari ilikuwa ya rangi ya zinki. Wakati wa kwenda hakuja. Nilihesabu visiwa vidogo, nikanywa kahawa mbili, nikajiambia hataki, kisha nikajiambia hana nafasi, kisha tena hataki.

Alitokea tulipokuwa tumegeuza kurudi. Ovaroli ya bluu, kelele za mashine bado zimo machoni mwake. Akasimama hatua mbili kutoka kwangu kama mtu aliyeambiwa rangi bado mbichi.

"Nimempa msaidizi nusu saa," akasema.

"Ellinor amenieleza habari za risiti."

Akaketi. Si kando yangu, mbele yangu, meza katikati.

"Amekwambia yaliyofuata?"

"Amesema ni yako."

Akaweka viganja mezani akaviangalia. "Tuligombana siku mbili. Aliniambia siku zote naamua peke yangu halafu naita zawadi. Alikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimeumia, nikamjibu vibaya. Siku ya tatu asubuhi aliniambia amekwenda kwa Frode, vigae hataki, na mimi nikatoka bila kumuaga. Nikabamiza mlango mpaka kioo kikalia. Saa nne nikiwa hapa, katikati ya maji, wakanipigia. Mshipa umepasuka kichwani. Nilipofika hakuwa ananisikia tena."

Chini ya miguu yetu mashine zilikuwa zinatetema.

"Daktari alisema mshipa ule ungepasuka hata kama tungekuwa tunacheka," akaendelea. "Nimemwelewa. Naelewa vizuri sana. Lakini nilijiapia, nikipata tena mtu wa kukaa naye, sitampinga. Kwa kitu chochote. Atoke mlangoni hajanuna, nitoke sijanuna. Basi."

"Na ukuta?"

"Ukuta..." Akasugua uso. "Nilikuwa nakaa chumba cha kulia nakusikia unaimba jikoni, na sikuoni. Nikashindwa kujizuia. Nilikaa na mchoro ule wiki tatu kabla ya kukuonyesha. Ungesema hapana ningeuchana."

Nilihisi mambo mawili kwa wakati mmoja, na yalikuwa hayakai pamoja. Nilitaka kumzunguka kwa mikono nimpoze, na nilitaka kumpiga kofi.

"Kwa hiyo miaka miwili hii hujanipenda," nikasema. "Umeniogopa."

"Nimefanya vyote viwili."

"Mimi nilidhani hujali. Nimelala macho nikidhani hujali, Eskild. Nilikuwa naongea na ukuta, na ukuta ulikuwa unasema mzuri, mzuri, nacho kizuri."

"Najua."

"Hujui. Ile rangi ya kijani ya chumbani, unaipenda?"

Akasita. Nilimwona akitafuta njia ya kutokea, kisha akaiacha.

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu kopo lilipofunguliwa. Nikiamka naona kama nimelala ndani ya chupa."

Nikashika kikombe kwa nguvu. "Norway?"

"Mimi niko kwenye maji siku mia mbili kwa mwaka. Likizo ukanipandisha meli."

"Na kwaya yangu?" Sauti yangu ilipungua hapo, nakiri. "Umekuja matamasha saba."

"Kwaya naipenda."

"Nitajuaje sasa kwamba ni kweli?"

"Kwa sababu rangi nimekwambia."

Mwanamke mmoja wa meza ya jirani aliyekuwa anasoma gazeti alikuwa hafungui ukurasa tena. Sikujali. Nilijisikia kama mtu aliyeishi na mgeni, halafu mgeni amevua kofia na ni mtu anayemfahamu. Au ni kinyume chake. Bado sikujua yupi ni yupi.

"Sawa," nikasema. "Leo ni Ijumaa. Sakafu gani unaitaka wewe? Ukisema chochote nipendacho, nashuka na sirudi."

Akashika ukingo wa meza. Ungedhani nimemwambia aruke baharini.

"Gome," akasema.

"Gome gani?"

"Lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Wanalikandamiza, linakuwa vibao. Liko kwenye rafu ya chini kwa Frode, hukulikanyaga. Nasimama juu ya chuma saa kumi na mbili, Solvej. Magoti yananiuma. Nikirudi nataka kitu kinachonipokea mguu."

"Vizibo," nikasema. "Nikae na wageni wangu juu ya vizibo."

"Ni laini. Lina joto. Glasi ikianguka haivunjiki."

"Lina rangi ya uji uliolala. Nililiona, nililiruka makusudi. Na miguu ya viti italitoboa kabla ya Krismasi."

"Viti tunavivisha soksi."

"Mimi nataka mwaloni mweupe. Nataka kuusugua kwa sabuni kila mwaka mpaka ung'ae kama kwa bibi yangu."

"Utausugua wewe? Nani alisugua ngazi mwaka jana? Ni mimi. Mwaloni wako utasuguliwa na mimi, kwa magoti haya haya." Sauti yake ilikuwa imepanda. Sikuwahi kuisikia pale juu. Ilikuwa na mkwaruzo, kama kitu cha ghalani. "Na jikoni maji yatamwagika, maana unapika kama unaoga, na mbao zitavimba, na utalia, na nitazing'oa mimi."

"Napika kama naoga?"

"Ndiyo. Naipenda, lakini ndiyo."

"Vizibo havitaingia nyumbani mle nikiwa hai," nikasema, na neno lile la mwisho lilipotoka nikaliona likianguka mezani kati yetu. Akapauka. Nami nikapauka. Tukatazamana. Nilimwona anataka kurudi nyuma, kusema sawa, mwaloni, chochote. Nikanyoosha mkono nikamshika mkono wa ovaroli.

"Usikubali," nikamwambia polepole. "Usithubutu kukubali. Niko hapa. Nina hasira na niko hapa, napumua, tazama."

Alinitazama muda mrefu. Macho yake yalijaa, hakuyafuta.

"Vizibo," akasema kwa sauti ndogo.

"Mwaloni."

Simu ya kiunoni ikakoroma. Msaidizi wake alikuwa anamwita. Akainuka, akasimama kidogo kana kwamba kuna sheria ya kuaga aliyoisahau, kisha akainama akanibusu mdomoni, harufu ya dizeli tupu, na akashuka ngazi za chuma.

Nilikaa nikitazama Svendborg ikikaribia, nyumba zake za rangi zikipanda kilima. Mwanamke wa gazeti akaniinamia.

"Samahani, dada," akasema. "Sisi tuliweka mwaloni jikoni. Ulivimba."

Kabla sijamjibu nikasikia viatu vizito vikipanda ngazi. Alikuwa Eskild, amerudi, grisi mpya kwenye viganja vyote viwili, pumzi juu juu, uso mwekundu.

"Na jambo jingine," akasema.

"Sema."

"Alhamisi Ellinor akija nataka kumwambia tunaoana."

Kikombe changu kiligonga meza. "Hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa. Sikuweka kitu chini ya sahani. Nakuuliza."

"Juu ya vizibo?"

"Juu ya chocho..." Akajikata. Akavuta pumzi. Nilimwona akilitafuta neno, akalipata, akalisimamia kwa miguu yote miwili. "Hapana. Si juu ya chochote. Juu ya vizibo."

Kivuko kilikuwa kinapunguza mwendo, mlango wa mbele umeanza kufunguka, na watu walikuwa wanashuka kwenda kwenye magari yao. Nilisimama. Nilikuwa sijui kama nimeposwa au nimegombezwa, na sikuwahi kuona furaha iliyochanganyika vile.

"Nakubali kuolewa," nikamwambia. "Vizibo sikubali. Twende kwa Frode, ukavikanyage mbele yangu."

Akanipa mkono wake wa grisi, nami nikaushika.